Kufulia watu tisa bila kufurisha shimo la choo

Anza na kupima. Ingiza mpira wa kutolea maji wa mashine kwenye ndoo ya lita 20, weka ya pili pembeni, na mtu mmoja akibadilisha wewe hesabu, kuanzia maji ya kwanza ya sabuni hadi suuza ya mwisho. Mashine ya mfuniko wa juu hujaza ndoo sita au saba kwa mzigo mmoja. Ya mlango wa mbele hutoa tatu hivi. Ile ya matangi mawili, inayojazwa kwa mpira, inategemea mkono wa mfuaji: anayesuuza huku bomba likiwa wazi anafika ndoo kumi bila kujua.

Sasa zidisha kwa Jumamosi. Mizigo sita kwa lita 120 ni lita 720 kabla ya saa saba mchana, na bado watu hawajaoga, vyombo havijaoshwa. Maji hayo yote yanaingia kwenye tangi la septiki ambalo kwa nyumba nyingi ni lita 3,000 tu, na sehemu yake imeshaliwa na tope.

Tangi hilo linafanya kazi kwa utulivu. Kizito kinazama chini kuwa tope, mafuta na povu vinaelea juu, na maji yaliyochujika katikati ndiyo yanayotakiwa kwenda kwenye shimo la kunyonya, ambako udongo unayanywa. Yanahitaji kukaa humo kama siku nzima. Ukiyasukuma kwa saa tatu, tope linatibuka na kutoka nayo, linaganda kwenye mianya ya matofali na kwenye udongo wa shimo hilo. Hapo ndipo hasara ilipo, kwa sababu tope la tangini linanyonywa na gari, lakini udongo ulioziba hauzibuliwi na gari lolote.

Kwa hiyo gawa nguo kwa siku. Familia ya watu tisa ina mizigo saba hadi kumi kwa wiki. Mzigo mmoja kila siku, saa tatu asubuhi watu wakishaoga na kuondoka. Siku ya mizigo miwili, wa pili uingie saa nane mchana, jua lingalipo. Usizidishe miwili. Jumapili liache tangi lipumzike. Kinachovuruga ratiba hii ni sare: mtoto mwenye sare moja anakulazimisha kufua usiku. Sare tatu kwa kila mwanafunzi ni nafuu kuliko kuchimba shimo jipya, na huo si utani. Mablanketi, mapazia na mazulia yasubiri kiangazi, yafuliwe nje kwa miguu ndani ya beseni, na maji yake yasiingie chooni kabisa.

Kwa mkono au kwa mashine ya matangi mawili, maji yanaokolewa kwa mpangilio wa nguo. Weka mabeseni matatu: la sabuni, la suuza ya kwanza, la suuza ya mwisho. Anza na nyeupe, fuata za rangi zisizochuja, kisha za kazi, matambara mwisho. Ukimaliza nyeupe, maji ya suuza ya mwisho ni masafi bado. Yahamishie kwenye suuza ya kwanza ya za rangi. Kamua kabla ya kuhamisha, au zungusha kwenye tangi la kukaushia kwa dakika mbili, maana nguo inayotiririka povu inachafua beseni linalofuata na kukudai suuza ya tatu.

Suuza ya tatu mara nyingi imeletwa na sabuni nyingi. Kilo tano za nguo zinatoshwa na vijiko vitatu vya chakula vya sabuni ya unga. Watu humimina nusu kikombe kwa kuwa povu haliji, na povu haliji kwa kuwa maji ni ya kisima chenye chumvi, kama vilivyo visima vingi vya pwani. Tumia maji ya mvua au ya bomba kwenye beseni la sabuni, ya kisima yabaki kwa kusuuza. Sabuni ya mche kwenye maji magumu kama hayo ya kisima hutengeneza ule ukoko wa kijivu unaoshika beseni. Ukoko huohuo unakwenda kunenepesha mafuta yanayoelea tangini. Kama udongo wako ni wa mfinyanzi, pendelea sabuni ya maji: za unga nyingi zina chumvi za sodiamu, na sodiamu huuvuruga mfinyanzi hadi vitundu vyake vinajifunga.

Dawa ya klorini ya kung'arishia haikatazwi. Kifuniko kimoja au viwili kwa shuka za wiki havidhuru. Kumwaga nusu chupa siku moja kunaua bakteria wanaooza tope, na tangi linajaa mapema. Dawa za kumwaga chooni ili kufufua bakteria zisikusumbue. Wanaletwa na choo chenyewe kila siku.

Halafu kuna nyuzi. Sweta za shule na nguo za poliesta hutoa vumbi la nyuzi lisilooza, na linafika moja kwa moja kwenye shimo la kunyonya. Funga soksi ndefu ya nailoni mwisho wa mpira kwa kibanio cha plastiki. Iache ining'inie, usiifunge ikakaza kwenye bomba, maana ikijaa pampu ya mashine itasukuma maji yarudi. Baada ya mizigo mitatu utakuta ndani yake donge la kijivu lenye utelezi, kubwa kama limau. Litupe takatakani.

Dawa nzuri kuliko zote ni kuyatenga maji ya nguo. Chimba shimo la mita moja kila upande, lijaze vipande vya matofali na mawe makubwa, lifunike, liwe mita 30 kutoka kisima chochote, cha jirani kikiwemo. Wenye nafasi wayapeleke kwenye migomba: shimo pana lililojazwa matawi na majani makavu, migomba ikizunguka ukingo. Yaende siku hiyohiyo, kwani yakilala ndooni hadi kesho yananuka. Maji yenye klorini yasiende huko, wala usimwagilie mboga zinazoliwa mbichi kwa maji yoyote ya nguo. Kingo za majani zikianza kuungua, chumvi imezidi. Badilisha sabuni au pumzisha migomba. Nepi ni habari nyingine: kinyesi na maji ya kwanza ni vya chooni, suuza zinazofuata ndizo za nje.

Sikiliza choo mashine inapomwaga maji. Kikibwabwaja, au maji yakipanda kwenye tundu la sakafu ya bafu, fungua chemba. Maji yakishuka yenyewe usiku na kupanda tena siku ya kufua, shimo la kunyonya limechoka. Yakibaki juu siku zote, angalia kwanza kile kiungo chenye umbo la T cha bomba la inchi nne, upande maji yanakotokea tangini. Kikivunjika, mafuta yanayoelea yanapita kwenda shimoni. Kisha pima tope: mti mrefu uliofungwa kitambaa cheupe, uteremshe taratibu hadi chini, subiri dakika chache, utoe. Weusi ukifika theluthi ya kina cha maji, ita gari. Mtu asiingie tangini hata kama limeshanyonywa, kwa kuwa hewa yake inaua kabla hujapiga kelele.

Gari likinyonya leo na tangi likafurika keshokutwa, usiite jingine. Wakati wa masika maeneo ya chini huwa maji ya ardhini ndiyo yanayoingia shimoni, na hakuna la kufanya ila kupunguza maji ya nyumbani na kufulia nje hadi mvua zipite. Kama ni kiangazi, chimba shimo la pili la kunyonya na uweke chemba kati, yenye vizibo viwili, ili uweze kulifunga la zamani. Likipumzika miezi sita au zaidi, udongo wake huanza kunywa tena, nawe unabadilishana mashimo kila mwaka.