Jinsi ya kupitisha siRNA ndani ya seli kwa peptidi, na namna ya kujua kama kweli imeingia

Mwanafunzi mmoja wa uzamili alinitumia picha ya hadubini kwa WhatsApp. Seli zote zilikuwa za kijani, kijani kilichojaa mpaka ndani ya kiini. Chini yake aliandika: "Dada, zimeingia zote, lakini lusiferezi haijashuka hata kidogo. Nimekosea wapi?" Lusiferezi ni protini ya kutoa mwanga aliyokuwa akitaka siRNA yake iishushe. Nilijua jibu kabla sijamuuliza chochote, kwa sababu picha kama hiyo iliwahi kunila wiki nyingi nilipokuwa naanza kazi hii. Tulizungumza kwa simu jioni tatu mfululizo. Yale niliyomwambia nimeyapanga hapa ili yamfae na mwingine.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. siRNA ni nyuzi mbili fupi za RNA zilizoshikana, kila moja ikiwa na nyukleotidi kama 21. Ikifika kwenye saitoplazimu, seli huitumia kuikata mRNA, yaani nakala ya maagizo ya jeni unayotaka kuinyamazisha. Taabu iko kwenye kufika. siRNA ni kubwa, karibu daltoni 13,000, na imejaa chaji hasi, kwa hiyo utando wa seli hauipitishi. Peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino, na yenye arginini nyingi (moja ya asidi amino hizo) ina chaji chanya: huikumbatia siRNA, hushikamana na sukari zenye chaji hasi zilizoko juu ya seli, kisha seli humeza mzigo wote pamoja. Njia hii ilianza kufunguka mwaka 1988, ilipoonekana kwamba protini ya Tat ya virusi vya UKIMWI huingia yenyewe katika seli zilizokuzwa maabara. Mwaka 1994 kundi la Alain Prochiantz, Ufaransa, lilitoa penetratini, kipande cha asidi amino 16 kutoka katika protini ya nzi wa matunda. Baadaye ikaonekana kwamba hata arginini nane tu zilizofuatana zinaweza kuingia.

Maelezo haya ni ya seli zilizo kwenye sahani. Ukiona peptidi inauzwa mtandaoni ili mtu ajidunge, usichukue chochote hapa kuwa ruhusa ya kufanya hivyo.

Hatua ya 1: Agiza peptidi

Mimi natumia stearili-R8, yaani arginini nane zenye mkia wa asidi ya steariki, peptidi iliyoelezwa na kundi la Shiroh Futaki la Japani mwaka 2001. R8 isiyo na mkia huishika siRNA kwa ulegevu. Mkia wa mafuta ndio unaoikaza chembe isifumuke. Agiza usafi wa asilimia 95 au zaidi, na mwisho wa C (ncha ya pili ya mnyororo) uwe amidi.

Usiipake peptidi rangi. Ipake siRNA. Unachotaka kufuatilia ni mzigo, na peptidi ina uwezo wa kwenda zake mzigo ukabaki nje. Tena rangi yenyewe hubadilisha tabia ya peptidi fupi hivi, ukajikuta unapima molekuli nyingine kabisa.

Hatua ya 2: Kokotoa uzito halisi

Hapa ndipo tulipolikuta kosa la kwanza la mwanafunzi wangu. Alipima miligramu 1 ya unga, akagawanya kwa uzito wa molekuli, akaamini kiasi alichopata. Unga huo si peptidi tupu. Peptidi nyingi hutoka kiwandani zikiwa chumvi ya asidi ya trifluoroasetiki, na kila arginini hubeba molekuli moja ya asidi hiyo. Fanya hesabu: stearili-R8 ina uzito wa takriban 1,534, na molekuli nane za asidi, kila moja 114, ni 912. Kwa hiyo katika kila miligramu ya unga, peptidi ni kama miligramu 0.63 tu, na bado hujatoa maji yaliyonyonywa na unga. Ukiwa na cheti kinachoonyesha kiasi halisi cha peptidi, tumia namba ya cheti. Kama hakipo, tumia 0.63 na uandike kwenye daftari kwamba ni makisio.

Yeyusha katika maji yasiyo na vimeng'enya vya kukata RNA, upate mikromola 100. Gawa katika vichupa vidogo vya kutumia mara moja, uhifadhi kwenye nyuzi joto 20 chini ya sifuri. Tumia vichupa vya plastiki isiyonatisha. Peptidi zenye chaji chanya hung'ang'ania kioo na plastiki ya kawaida, na kadiri myeyuko unavyokuwa mwepesi ndivyo sehemu inayopotea inavyokuwa kubwa.

Hatua ya 3: Changanya

Kwa kisima kimoja cha sahani ya visima 24, chenye mikrolita 500, siRNA ya nanomola 50 ni pikomoli 25. Kila siRNA ina fosfeti 40 hivi, yaani chaji hasi 40. Kila peptidi ina chaji chanya nane. Mimi huanza na peptidi 20 kwa siRNA moja: chaji chanya 160 dhidi ya hasi 40, uwiano wa nne kwa moja. Hiyo ni pikomoli 500 za peptidi, au mikrolita 5 za myeyuko wako wa mikromola 100. Kwenye kisima inakuwa mikromola 1.

Weka siRNA katika maji, ongeza peptidi kwa mkupuo mmoja, na jumla iwe mikrolita 50. Papo hapo vuta na kusukuma kwa pipeti mara kumi. Usitumie mashine ya kutikisa: mara mbili imenipa nyuzi nyeupe ndani ya kichupa. Acha nusu saa kwenye joto la chumba. Usichanganyie kwenye bafa yenye chumvi nyingi, kwa sababu chumvi huzifunika chaji na chembe zikaanza kugandana. Ukiona ukungu mweupe, tupa uanze upya.

Hakiki kwa jeli ya agarosi ya asilimia 2, ukipitisha umeme. siRNA iliyoshikwa haiendi popote, hubaki kwenye kishimo cha kupakilia. Katika mstari wa pili ongeza heparini kidogo, ileile dawa inayozuia damu kuganda, yenye chaji hasi nyingi: siRNA ikiachiwa na kukimbia kama kawaida, ujue haikuharibika bali ilikuwa imebebwa.

Hatua ya 4: Weka kwenye seli

Seli ziwe zimejaza kisima kama asilimia 60. Badilisha midia kwa mikrolita 450 za midia isiyo na seramu, ongeza mikrolita 50 za mchanganyiko, acha saa 4, kisha rudisha midia yenye seramu.

Hatua ya 5: Je, imeingia kweli?

Tulia hapa. Hatua nyingine zote ukizikosea utapata sifuri, na sifuri hukushtua. Hii ukiikosea unapata picha nzuri inayokupeleka njia isiyo yako.

Kosa kubwa ni kuzigandisha seli, yaani kuzikaza zibaki zilivyo, kwa formaldehaidi au methanoli kabla ya kuzitazama. Nilifanya hivyo kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa kwa kupaka seli kingamwili zenye rangi, na sikuona kwa nini peptidi iwe tofauti. Kwa kingamwili ni sawa. Kwa peptidi zenye chaji chanya, kemikali hizo hutoboa utando, na peptidi iliyokuwa imenata nje inamiminika ndani. Ikishaingia inakimbilia kwenye kiini, maana DNA imejaa chaji hasi. Matokeo yake ni ile picha ya kijani mpaka kiini. Kundi la Bernard Lebleu la Montpellier lilitoa onyo hili waziwazi mwaka 2003, na ripoti nyingi za kabla yake zililazimika kuangaliwa upya. Mimi sikuwa nimelisoma. Niliwaonyesha wenzangu picha zangu kwenye mkutano wa maabara, na msimamizi wangu akauliza jambo moja tu: "Umewahi kuzitazama zikiwa hai?" Jioni ile nikazitazama zikiwa hai. Viini vyote vilikuwa vyeusi.

Kwa hiyo tazama seli hai, kwenye midia yao. Lakini hata seli hai hazitoshi, kwa sababu chembe zilizonata juu ya utando nazo hung'aa. Zioshe kwa bafa yenye heparini, yuniti 20 kwa mililita, mara tatu. Heparini ina chaji hasi nyingi kuliko sukari za seli, kwa hiyo huzing'oa chembe kutoka juu. Baada ya hapo tumia tripsini, kimeng'enya cha kukata protini, kwenye nyuzi 37 kwa dakika 5 hadi 10, hata kama seli zako zinaelea na hazihitaji kubanduliwa. Tripsini hukata baada ya arginini na laisini, hivyo huila peptidi iliyobaki nje pamoja na protini ilizozishikilia. Angalizo: kama uliagiza peptidi ya arginini za umbo la D (taswira ya kioo ya zile za kawaida), tripsini haiikati. Hapo tegemea heparini, na ongeza muda wa kuosha.

Kama rangi yako ni ya jamii ya floresini, ile ya kijani, ongeza tripani bluu kabla tu ya kupima. Huzima mng'ao wa rangi iliyoko nje na kuacha ulioko ndani. Seli zilizokufa nazo hunywa tripani bluu, kwa hiyo usiitumie peke yake. Weka pia propidiamu iodaidi, rangi inayoingia kwenye seli zilizokufa tu, katika kisima cha pembeni ili uzijue. Seli iliyokufa huwaka yote kwa usawa, na ukiwa na hamu ya matokeo utaiona kama ushindi. Na floresini hufifia kwenye asidi, nazo endosomu, vifuko ambavyo seli humezea, ni za asidi, kwa hiyo inaweza kukudanganya upande wa pili: ipo ndani lakini huioni. Ndiyo maana mimi naichagua rangi ya Cy5.

Weka sahani ya pili kwenye barafu, nyuzi 4, kwa saa moja, kwa mchanganyiko uleule. Kwenye baridi hiyo seli huacha kumeza. Kama sahani ya barafu inang'aa sawa na ya nyuzi 37, unachopima ni kunata, na kuosha kwako hakujatosha. Rudi kwenye heparini.

Jambo la mwisho katika hatua hii: usiiache leza juu ya eneo moja. Mwanga mkali juu ya rangi iliyobanana ndani ya endosomu unaweza kuipasua, na ukashuhudia rangi ikisambaa mbele ya macho yako. Mpasuko huo umeufanya wewe. Piga picha, sogea eneo jingine, piga tena.

Mwanafunzi wangu aliporudia na seli hai, kijani kilichojaa kilitoweka. Vilibaki vidoa vidogo vidogo kuzunguka kiini. Akavunjika moyo. Nikamwambia kwamba vidoa hivyo ndiyo picha yake ya kwanza ya kweli.

Hatua ya 6: Jua kama mzigo umekwama

Vidoa ni zile endosomu. siRNA iliyomo humo imeingia mlangoni tu, bado iko kibarazani. Makadirio yanayokubalika na wengi ni kwamba isiyofika asilimia moja ndiyo hutoka na kufika kwenye saitoplazimu.

Kipimo changu cha kwanza ni klorokwini, dawa iliyokuwa ikitibu malaria kwetu mpaka Tanzania ilipoiacha kama tiba ya kwanza mwaka 2001. Wa rika langu bado tunakumbuka ule mwasho. Inafaa kwenye jambo hili kwa sifa ileile iliyoifanya imuue kijidudu: huingia kwenye vifuko vya asidi, hupata chaji, hunaswa na kurundikana humo. Ndani ya seli zetu huzivimbisha endosomu mpaka baadhi zivuje. Weka mikromola 100 katika zile saa 4, kisha ioshe. Daima kuwe na kisima cha klorokwini peke yake, kwa sababu seli nyingine haziivumilii. Kama jeni inanyamaza palipo na klorokwini na hainyamazi bila hiyo, peptidi yako inabeba vizuri lakini haijui kutoka. Dawa ya hapo si kuongeza dozi. Jaribu uwiano wa peptidi 30 au 40 kwa siRNA moja, au hamia kwenye peptidi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, kama PepFect6 ya kundi la Ülo Langel.

Hatua ya 7: Pima kazi, usipime mwanga

Tumia seli zinazotengeneza lusiferezi ya kimulimuli, na siRNA inayoilenga. Wengi hupendelea GFP, protini inayong'aa kijani, kwa sababu inaonekana kwa macho. Mimi siipendi kwa kuanzia: GFP iliyokwisha kutengenezwa hukaa zaidi ya siku moja ndani ya seli, na utadhani siRNA imeshindwa kumbe unatazama mabaki ya jana. Lusiferezi huisha ndani ya saa chache, hivyo baada ya saa 24 unaona mshuko wa kweli.

Visima visivyokosekana: siRNA peke yake, peptidi peke yake, peptidi na siRNA isiyolenga chochote, na siRNA hiyohiyo kwa kibebeo cha mafuta cha dukani. Ukibakiwa na nafasi ya visima viwili tu, weka ile isiyolenga na ile ya kibebeo cha mafuta. Kama hata kibebeo cha mafuta hakishushi lusiferezi, siRNA yako ndiyo mbovu na peptidi haina kosa. Kama ile isiyolenga nayo inashusha, unaziua seli. Kwa hiyo gawanya kila kipimo kwa kiasi cha protini cha kisima chake, na upime uhai wa seli kwenye sahani pacha.

Ikishakubali, rudia jaribio lote ukiwa na seramu ya asilimia 10 tangu mwanzo. Protini za seramu huishika peptidi, na mara nyingi mshuko hupungua. Andika namba zote mbili, ya bila seramu na ya pamoja nayo, kwenye jedwali moja. Mwanafunzi wangu amefika hapo sasa, na sahani yake ya seramu iko kwenye inkubeta mpaka kesho saa nne asubuhi.