Kupigia kinubi wimbo wa Kiairishi bila kuufunika

Watu wakishapata kinubi kidogo cha leva (vile vishikizo vidogo juu ya nyuzi, ukikipandisha kimoja uzi wake unapanda nusu toni) wanakimbilia vidole, mi nakwambia anza na mdomo. Nyimbo za kale za Kiairishi, zile za mtindo wa sean-nós, kwa asili mtu anaimba peke yake bila ala yoyote, mapigo anayavuta anavyotaka yeye, kwa hiyo hapa kinubi ndo kinafuata sauti.

Hatua ya 1: jifunze kwa mwimbaji, noti baadaye. Mwaka 1792 kule Belfast walikusanywa wapiga vinubi wachache waliobaki, kijana wa miaka 19 anaitwa Edward Bunting akapewa kazi ya kuandika tuni zao, lakini alipokuja kuchapa kitabu akazipanga kwa ajili ya piano na maneno ya Kiairishi hayamo. Ukijifunza kwenye karatasi za namna hiyo utapiga vizuri tu ila hakuna wa kuimba juu yake.

Hatua ya 2: matamshi. Mtu wa pwani hapa ana afueni kubwa. "Ch" ikikaa na a, o, u ni kh ya kheri, "dh" na "gh" mwanzoni mwa neno kabla ya irabu hizo ni gh ya ghali (sio dh ya dhahabu jamani), "th" ni h tu, "bh" na "mh" zinaenda v au w. Kinachotuangusha ni mkazo, sisi tunauweka silabi ya pili kutoka mwisho, wao mara nyingi ya kwanza, ingawa Munster, kusini mwa Ireland, unahamia kwenye irabu ndefu.

Hatua ya 3: tyuni. Leva zote chini, nyuzi za B, E na A ziwe flati (nusu toni chini). Nyuzi nyekundu ni C, nyeusi au za bluu ni F. Pandisha leva za A, E na B upate C meja, ongeza za F upate G, ongeza za C upate D. Pandisha kwenye kila oktava, usiruke hata uzi mmoja! Aliyewahi kushika ganuni ya taarab ataelewa upesi, nayo ina vileva vyake. Wimbo wa kuanzia chukua Éamonn an Chnoic, ni wa polepole, weka G.

Hatua ya 4: mkono. Gumba juu, vidole vitatu vikielekea chini, kidole cha mwisho hakitumiki kabisa. Ukishapiga funga vidole kiganjani, hapo ndo sauti inatoka nene.

Hatua ya 5: mkono wa kushoto piga G na D tu, B iache. Kodi (chord) kamili, yaani G, B na D pamoja, inamfunga mwimbaji, hizo mbili zinamwachia nafasi ya kupindapinda sauti. Piga mwanzo wa mstari halafu acha nyuzi zilie, akivuta silabi we tulia, usijaze jaze (hii ndo kasoro ya rekodi nyingi za siku hizi, kinubi kinamwagika kila mahali mpaka maneno hayasikiki). Mstari ukiisha, mkono wa kulia urudie noti zake tatu za mwisho, taratibu. Ukitaka kuhama kwenda C, laza kwanza kiganja kwenye nyuzi za besi zinyamaze, la sivyo zinagombana.

Ukimaliza shusha leva zote ndo ukifunike, nyuzi zipumzike.