Somo: Namna ya kujibu mapendekezo ya watumiaji wasioona

Habari za kazi, wanachama. Somo hili ni la watengenezaji wa programu na wote wanaopokea maoni ya watumiaji. Ujumbe wa mtumiaji asiyeona huwa mfupi: "Nikifika kwenye malipo nasikia 'kitufe, kitufe, kitufe' tu." Au: "Naomba muweke njia ya mkato ya kufuta." Au: "Programu yenu inaongea mno." Mimi natumia kisoma skrini, yaani programu inayotamka yaliyo kwenye skrini, kila siku, na kazi yangu ni kupeleka jumbe kama hizi kwa watengenezaji na kurudisha majibu. Ninalowaomba ni moja: usijibu pendekezo kabla hujasikia anachosikia aliyelileta. Hatua zinazofuata ni za kukufikisha hapo.

Hatua ya 1: Fungua njia ya kukufikia

Fomu ya maoni yenye fumbo la picha lisilo na mbadala, au inayofuta yote yaliyoandikwa mtu akikawia kidogo, inawafungia nje walewale unaotaka kuwasikia. Weka anwani ya kawaida ya barua pepe pamoja na fomu. Ujumbe ukifika, mjulishe mwenyewe mapema kwamba umeupata na lini utamrudia. Hapa usiahidi marekebisho yoyote, maana bado hujui tatizo ni nini.

Hatua ya 2: Uliza yanayosaidia

Kisoma skrini hakisomi picha iliyo mbele yako. Kinapewa taarifa na mfumo endeshi: jina la kitu, aina yake (kitufe, kiungo, kisanduku cha kutia tiki) na hali yake, kwa mfano kama tiki imewekwa au la. Kwenye tovuti, kivinjari ndicho kinachoandaa taarifa hizo kutokana na msimbo wa ukurasa. Kwa hiyo ukurasa mmoja unaweza kusomeka vizuri kwa NVDA (kisoma skrini cha Windows) ndani ya Firefox na ukakwama kwa VoiceOver (kisoma skrini cha Apple) ndani ya Safari, na watumiaji wote wawili wakawa wanasema kweli.

Basi uliza: unatumia kisoma skrini gani, toleo lipi, kwenye mfumo gani na kivinjari gani? Ulibonyeza nini? Ulisikia nini, neno kwa neno? Ulitarajia nini? Asiyejua toleo lake mwelekeze pa kuliangalia. Usimfungie shauri lake kwa sababu hiyo.

Picha ya skrini usiombe. Hawezi kujua imenasa nini, na hata ikinasa kitufe, haikuonyeshi kilichotamkwa. Rekodi ya sauti inafaa zaidi. Kwa wanaotumia NVDA kuna dirisha linaloandika kila kinachotamkwa, na maandishi yake yananakilika. Mkumbushe aondoe kwanza taarifa zake za siri, kwa kuwa dirisha hilo huandika hata majina na salio la akaunti. Muulize pia kama tatizo linabaki akiiwasha NVDA upya bila programu-jalizi. Chaguo hilo linapatikana kwenye kisanduku cha kuifungia NVDA. Tatizo likitoweka, umejua pa kutafuta.

Hatua ya 3: Pita njia ileile bila kutazama skrini

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ikirukwa jibu zima linakuwa la kubahatisha. Huhitaji kununua kitu. Windows ina kisoma skrini cha Narrator, kinachowashwa kwa kubonyeza Ctrl, Windows na Enter kwa pamoja. Mac ina VoiceOver, unaiwasha kwa Command na F5. Simu za Android nyingi huja na TalkBack na iPhone zina VoiceOver, zote kwenye mipangilio ya ufikivu. NVDA inapakuliwa bure. Kisha funika skrini. NVDA na VoiceOver zina pazia linaloifanya skrini iwe nyeusi huku kompyuta au simu ikiendelea kufanya kazi. Macho yakiwa yanaona, yatakusaidia bila wewe kutambua, nawe utaripoti kwamba kila kitu kiko sawa.

Mtu anayejaribu kwa mara ya kwanza hubonyeza Tab tu. Tab husimama kwenye vitu vinavyotendeka, yaani vitufe, viungo na sehemu za kujaza. Maandishi ya kawaida huyaruka. Mjaribu anaondoka akiamini maelezo yake hayasomeki, au anaongeza misimbo ili Tab isimame kila aya, na hapo anawaharibia safari wote. Asiyeona husoma maandishi kwa vishale, na kwenye tovuti huruka kwa herufi: ndani ya NVDA, H hukupeleka kwenye kichwa cha habari kinachofuata, B kwenye kitufe, K kwenye kiungo. Jifunze hizo tatu kabla ya kumwambia mtu "kwetu inafanya kazi."

Jaribio lako lina mpaka. Linakujulisha kama alichosema kinatokea. Halikujulishi kama programu ni rahisi au ngumu kwa asiyeona, kwa sababu huna mazoea yake. Mtu aliyetumia kisoma skrini kwa miaka husikiliza kwa kasi ambayo wewe huambulii hata neno. Suala la urahisi muulize yeye.

Hatua ya 4: Tafuta haja iliyo nyuma ya ombi

Turudi kwa aliyeomba njia ya mkato ya kufuta, yaani herufi au vitufe vya kibodi vya kufutia moja kwa moja. Muulize anafanya kazi gani anapoihitaji. Tuseme ana orodha ndefu ya jumbe, na kila akifuta mmoja, kisoma skrini kinatupwa mwanzo wa ukurasa. Inabidi ashuke upya kipengele kwa kipengele mpaka alipokuwa. Anayeona hajui kama tatizo hilo lipo, maana jicho lake halikuhama. Kilichofutwa kilikuwa ndicho kilichoshika kibodi, yaani mahali kibodi ilipokuwa ikifanyia kazi. Kilipotoweka, hakuna aliyeiambia programu kibodi ihamie wapi. Dawa ni kuihamishia kwenye ujumbe unaofuata, na huenda njia ya mkato isihitajike tena.

Njia za mkato zenyewe zina hatari. NVDA na JAWS, kisoma skrini kingine cha Windows, hutumia Insert au Caps Lock kwa amri zao, na kwenye tovuti herufi mojamoja tayari zina kazi. Ukichukua herufi H kwa ajili ya "Hifadhi", anayesoma ukurasa kwa NVDA atapelekwa kwenye kichwa cha habari badala ya kuhifadhi.

Ombi jingine la kulichunguza ni "wekeni sauti ndani ya programu." Mara nyingi maana yake ni kwamba kisoma skrini hakipati taarifa kutoka kwenye programu hiyo. Ukiweka sauti yako, zitakuwa sauti mbili zinazoongea kwa wakati mmoja. Mtumiaji ana sauti aliyoichagua, kwa kasi aliyoizoea. Wengine hawasikilizi kabisa, wanasoma kwa vidole kwenye kifaa cha nukta nundu. Asiyeona ambaye pia hasikii hatafaidika na sauti yako hata kidogo, lakini ukikipa kisoma skrini taarifa sahihi, naye zitamfikia.

Hatua ya 5: Pima uzito, usihesabu kura

Mapendekezo yakipangwa kwa wingi wa waliounga mkono, ya wasioona yatabaki chini siku zote. Uliza badala yake: je, mtu amezuiwa kabisa, anacheleweshwa, au anakereka? Kibodi ikiingia mahali na isiweze kutoka, hilo ni la leo. Kitufe cha malipo kisicho na jina, pia la leo. Ujumbe wa "imehifadhiwa" unaoonekana lakini hausemwi, ni la toleo linalofuata. Maneno mengi kupita kiasi, zungumza kwanza na watumiaji zaidi ya mmoja.

Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti, WCAG, ambao toleo lake la 2.2 lilitoka Oktoba 2023, utakusaidia kumweleza mkuu wa kazi kwamba haya hukuyatunga wewe. Kutonasa kibodi ni kigezo 2.1.2, jina na aina ya kitu ni 4.1.2, na ujumbe wa hali ni 4.1.3. Lakini usimjibu mtumiaji kwa namba za vigezo. Programu inaweza kuvipita vyote na bado ikamchosha.

Hatua ya 6: Rekebisha panapohusika

Tumia kitufe halisi cha lugha unayoandikia kabla ya kuunda cha kwako kwa kupamba kisanduku. Cha kwako kitaonekana kama kitufe, lakini hakina jina wala aina, na Enter haitakitambua mpaka uongeze kila kitu kwa mkono. Jina liwe "Tuma", ukiandika "Kitufe cha kutuma" mtu atasikia "Kitufe cha kutuma, kitufe."

Tunaoandika Kiswahili tuangalie jambo moja zaidi: tamko la lugha kwenye msimbo wa ukurasa. Kiolezo kilichokuja na "en" kisipobadilishwa kuwa "sw", kisoma skrini kinaweza kuyasoma maneno yetu kwa sauti ya Kiingereza, na hapo hata mjuzi haambulii kitu. eSpeak NG, injini ya sauti inayokuja na NVDA, ina Kiswahili. Marekebisho haya ni ya herufi mbili tu.

Ukigundua kosa ni la kivinjari au la kisoma skrini, peleka taarifa huko wewe mwenyewe na umpe mtumiaji kiungo cha kufuatilia. Usimwambie "wasiliana nao."

Hatua ya 7: Andika jibu

Jibu liseme umejaribu nini, umesikia nini, umeamua nini na kwa sababu gani. "Asante kwa maoni yako, tutayafanyia kazi" si jibu. Kama ni hapana, sema hapana na sababu yake. Mtu atajua atafute njia nyingine badala ya kusubiri. Maelekezo yasiwe "bonyeza ile nyekundu upande wa kulia." Taja jina la kitufe na kichwa cha habari kilicho juu yake. Mfano:

"Habari dada. Tumepita njia uliyotueleza kwa NVDA na Firefox, na tumesikia ulichosikia: ukifuta ujumbe mmoja unarudishwa mwanzo wa ukurasa. Tumebadilisha, sasa utabaki kwenye ujumbe unaofuata. Njia ya mkato uliyoomba hatujaiweka, kwa sababu herufi uliyopendekeza inagongana na amri za NVDA. Toleo la majaribio liko tayari. Nenda kwenye kichwa cha habari 'Zilizopokelewa', futa ujumbe mmoja, kisha utuambie umesikia nini."

Usifunge shauri mpaka yeye aseme limekwisha. Na ukiwa unamwomba mtu huyohuyo akupimie kila toleo, hiyo ni kazi, mlipe.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, asante kwa somo. Niko peke yangu na sina fedha ya leseni ya JAWS. Nijaribu na nini?

Jibu: NVDA, ndugu yangu. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni, ili watu wasizuiwe na bei. Kama programu yako ni ya simu, anza na TalkBack. Kabla ya yote, waulize watumiaji wako wanatumia nini, halafu anzia hapo. Ripoti ya JAWS ikija na wewe huna, omba rekodi ya sauti na useme wazi kwamba hujaweza kuijaribu.

Swali: Mtumiaji mmoja anataka kila ujumbe mpya utangazwe, mwingine anasema tangazo linamkatiza akiwa anaandika. Nimsikilize nani?

Jibu: Wote wawili. Kwenye tovuti kuna namna mbili za kutangaza: ya upole, inayosubiri kisoma skrini kimalize kinachosema, na ya kukatiza. Wengi huweka ya kukatiza kila mahali, na ndilo lalamiko la huyo wa pili. Ibakize kwa mambo yasiyosubiri, kama kikao kinachokaribia kufungwa. Zilizobaki zifanye za upole, kisha weka mpangilio wa kuzizima. Kisha warudie wote wawili.

Swali: Mimi ni mtumiaji, sioni. Nimeandikia watengenezaji mara nyingi, hawajibu. Nakosea wapi?

Jibu: Kutojibiwa si kosa lako, dada. Yapo mambo yanayoongeza uwezekano wa kusikilizwa. Ujumbe mmoja ubebe tatizo moja. Anza na kazi iliyokushinda: "Siwezi kukamilisha malipo", halafu ndipo utaje kitufe. Andika ulichosikia kama kilivyotamkwa. Taja kisoma skrini na toleo lake hata kabla hujaulizwa. Ukiwa na suluhisho unalolipenda, litaje mwishoni, ili mtengenezaji aone tatizo kwanza.

Swali: Kuna zana zinazokagua zenyewe. Zinatosha?

Jibu: Zina faida, ziendeshe kila toleo. Zitakuambia picha haina maelezo. Hazitajua kwamba maelezo yaliyopo yanasema "picha1", wala kwamba kitufe cha "Futa" kimepewa jina la "Hifadhi". Kibodi kurudi mwanzo wa orodha, kama kwenye mfano wangu, nako kwa kawaida hazikuoni.

Swali: Mkuu wangu anasema wasioona ni wachache, haifai kutumia muda mwingi hivyo.

Jibu: Mweleze kwamba jina la kitufe linamsaidia pia anayeendesha simu kwa kuiamuru kwa sauti, kwa sababu analitamka jina hilohilo. Kibodi inayofanya kazi inamsaidia asiyeweza kushika kipanya. Na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, katika ibara ya 9 unataja ufikivu wa teknolojia ya habari na mawasiliano. Nchi nyingi zimeuridhia, kwa hiyo aangalie sheria inayomhusu.

Swali: Tufanye toleo la pembeni kwa ajili yao?

Jibu: Hapana. Toleo la pembeni husasishwa mwisho au huachwa kabisa, na mtumiaji hupata nusu ya huduma. Rekebisheni lililopo.

Swali: Tulirekebisha, toleo lililofuata likaharibu tena. Tuwajibu vipi watu?

Jibu: Waambieni ukweli, na toleo gani lina kosa, ili ambaye hajasasisha asubiri. Kisha kwa kila pendekezo mnalolitekeleza andikeni jaribio la msimbo: kitufe hiki kina jina hili, baada ya kufuta kibodi iko hapa. Jaribio likishindwa, toleo lisitoke.