Mzazi akikuuliza habari za tiba ya jeni ya sikoseli

Wauguzi wenzangu wa kliniki za sikoseli, swali hili mnalijua. Mama amesikia redioni, au wifi yake aliye Ulaya amemtumia video, kwamba ugonjwa umepata tiba. Anakuuliza, "Sista, na sisi tutaipata lini?" Usimkatishe kwa "bado sana, mama." Anastahili maelezo kamili, na yanaelezeka.

Anza na alichokiona mwenyewe. Muulize mtoto alianza kuumwa lini. Wengi watakuambia miezi sita hivi, vidole vilipovimba. Na kabla ya hapo? Alikuwa mzima. Hapo ndipo pa kuanzia: mtoto akiwa tumboni hutumia himoglobini F, aina ya protini ya damu inayobeba oksijeni, ambayo haiifanyi chembe nyekundu ijikunje kama mundu. Huendelea nayo miezi michache baada ya kuzaliwa, kisha himoglobini ya ukubwani, ile yenye hitilafu, huchukua nafasi.

Sasa omba khanga aliyombebea mtoto. Ikunje hadi jina lisionekane, umuulize: jina limefutika? Atakujibu mwenyewe. Jeni ya himoglobini F nayo ipo, kwenye kromosomu ya 11, ndani ya kila seli shina ya uloto, yaani seli mama zilizo ndani ya mifupa zinazozaa chembe za damu. Imekunjwa tu.

Anayekunja ni protini iitwayo BCL11A. Wewe muuguzi ijue vizuri, maana wapo wazazi watakaochimba zaidi. Chembe nyekundu inapotengenezwa, BCL11A hukaa karibu na jeni hiyo na kuita vimeng'enya vinavyoondoa alama za kikemikali ziitwazo asetili kwenye histoni, zile protini ambazo DNA huzizunguka. DNA hukaza, alama za metili huongezeka, jeni haisomeki. Herufi zake hazikuguswa hata moja. Hiyo ndiyo epijenetiki, na mimi nikiifikiria hunipa moyo sana: dawa ya mtoto huyu amezaliwa nayo.

Tiba ya Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023 kwa wenye miaka 12 na zaidi, hufanya kazi hapo. Seli shina za mgonjwa hukusanywa kutoka kwenye damu. Maabara hutumia CRISPR, mkasi wa kukata DNA mahali palipochaguliwa, kukata kipande cha DNA kinachoiwasha BCL11A katika ukoo wa chembe nyekundu, kisha seli hurudishwa mwilini. BCL11A ikipungua, khanga hukunjuka: himoglobini F hutengenezwa tena. Victoria Gray wa Marekani aliipata kwenye majaribio mwaka 2019.

Usifiche upande wa pili. Kabla seli hazijarudishwa, uloto husafishwa kwa busulfani, dawa kali ya kemo: nywele hunyonyoka, mgonjwa hulazwa wiki kadhaa, uwezo wa kuzaa unaweza kupotea. Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2. Itaje taratibu, kisha nyamaza kidogo, umwache aipokee.

Halafu mrudishe kwenye kidonge alichonacho. Haidroksiurea nayo huongeza himoglobini F, kwa njia nyingine. Utafiti wa REACH, uliotolewa 2019, ulifanyika kwa watoto wa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda. Maumivu, kuongezewa damu, malaria na vifo vilipungua. Angalia picha kamili ya damu ya mwisho ni ya lini. Msisitize kidonge kila siku, hata mtoto anapocheza vizuri, maana hucheza vizuri kwa sababu anakunywa.

Akikuonyesha pakiti ya "seli shina" za kunywa, mwambie waziwazi asinunue. Kinachomezwa humeng'enywa tumboni. Hakifiki kwenye uloto kikiwa seli hai.

Mwisho uliza kama mtoto ana ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Kila ndugu kama huyo ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana naye kwa upandikizaji wa uloto, tiba ambayo imeponya watoto tangu kabla ya CRISPR. Andika majina na umri wa ndugu hao kwenye faili siku hiyohiyo, na umwombe mama aje na baba kliniki ijayo.