Somo: Kuanza mbio ndefu baada ya miaka 50 (soma kabla hujanifuata inbox)

Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Nina miaka 61, nilianza na 57, baada ya kustaafu. Nilikuwa naamka saa kumi na moja alfajiri, naoga, navaa, ndipo nakumbuka sina pa kwenda.

1. Pima presha na sukari.

2. Viatu vya mbio. Mtumba unafaa, mradi soli haijalika upande.

3. Kimbia dakika moja, tembea mbili, rudia mara kumi. Siku tatu kwa wiki. Ukishindwa kuongea, punguza mwendo.

4. Kuongeza umbali. Hapa ndipo nilipoharibu. Wiki ya tisa nilikuwa namaliza kilomita 5, kichwa kikavimba. Jumapili nikaungana na vijana Coco Beach, Daraja la Tanzanite kwenda na kurudi, na nyongeza juu: kilomita 12. Pumzi ilitosha, na ndiyo iliyonidanganya. Pumzi huzoea ndani ya wiki chache. Mifupa na kano hutaka miezi. Jumanne ugoko wa kushoto ukauma, mahali padogo pa kufunika kwa kidole. Nikapaka dawa ya kuchua, nikakimbia tena. Nilikaa nje wiki nane. Uchovu wa misuli husambaa na kuisha siku mbili tatu. Maumivu ya sehemu moja, yanayokuamsha usiku, ni ya hospitali. Ongeza kilomita moja kwa wiki, basi.

5. Lala mapema.

MASWALI

– Mama, nina wiki ya sita. Kili Marathon, ile ya 42, naiweza?
– Namba 4.
– Nimeisoma, ila mimi nimecheza mpira.
– Mwaka gani?
– 1994.
– Namba 4.

– Mdogo wangu, nina 64, mzee wangu amefariki mwaka jana. Sitaki medali, nataka tu kutoka ndani. Sijachelewa?
– Shikamoo dada, na pole sana. Fauja Singh wa Uingereza alianza marathoni London mwaka 2000, akihesabiwa miaka 89, naye alikuwa amefiwa na mwanawe. Wewe anza kutembea nusu saa. Uko wapi?
– Kigamboni.

– Mapaja yanachubuka, nifanyeje?
– Mafuta ya mgando, kabla ya kutoka.
– Wanaume pakeni na chuchu. Mimi nilirudi na fulana ina damu, mke wangu akadhani nimechomwa kisu.

– Dada wa Kigamboni, vuka na pantoni Jumamosi saa kumi na mbili. Nitakuwa Kivukoni, kofia nyekundu. Bodaboda wakituuliza nani anatufukuza, usiwajibu, utamaliza pumzi.