Somo: Kuingiza malkia mpya kwenye mzinga uliodhoofika

Nyuki wakimuua malkia uliyewaletea, usiharakishe kusema ni wakali. Mara nyingi wanaye mwingine ambaye hukumwona. Kwa hiyo hatua ya kwanza nitaieleza kwa kirefu.

1. Kagua fremu zote za majana (watoto wa nyuki). Mayai yaliyosimama wima, moja kila chumba, yanaonyesha malkia alikuwemo ndani ya siku 3 zilizopita, na huenda bado yumo. Mtafute umtoe. Ukikuta mayai mawili au zaidi katika chumba kimoja, tena yamebandikwa ukutani, hao ni vibarua (nyuki wafanyakazi) wanaotaga, na malkia mgeni watamuua. Wape kwanza fremu ya mayai na majana wachanga kutoka mzinga wenye afya, urudie kila wiki mpaka waanze kujenga vyumba vya malkia, yaani vya kulelea malkia mpya. Angalia pia utitiri wa varoa. Kundi linaloliwa na varoa haliponi kwa kubadilishiwa malkia.

2. Bomoa vyumba vyote vya malkia. Kung'uta nyuki kwenye fremu ndipo uvione. Vingine hujificha pembeni mwa sega.

3. Weka kizimba (kijisanduku cha wavu chenye malkia mpya) katikati ya fremu mbili za majana, donge la sukari linaloziba mlango wake likiwa bado limefunikwa. Wavu usizibwe na sega, kwa sababu vibarua wanatakiwa kumlisha na kuzoea harufu yake.

4. Baada ya siku 3, wasogeze kwa unyoya nyuki walio juu ya wavu. Wakisogea kirahisi, funua donge walile wenyewe hadi wamtoe. Waking'ang'ania na kuuma waya, funika mzinga, usubiri siku nyingine 2.

5. Akishatoka, usifungue mzinga kwa wiki nzima. Najua hamu ya kuchungulia, lakini malkia mgeni akishtuka hukimbia juu ya sega, na vibarua humvamia. Punguza mlango na uwape maji ya sukari.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, wiki imepita na sioni mayai. Nimtoe?

Hapana, ndugu. Kama ulimpata akiwa bikira, lazima kwanza atoke kupandwa, na inaweza kuchukua wiki 2 au 3. Kama alikuwa ameshapandwa, mpe wiki nyingine kabla ya kukata shauri.

Nimekuta nyuki wamemzonga wakawa bonge moja. Nifanyeje?

Tumbukiza bonge lote kwenye bakuli la maji, wataachana. Mwokote, mrudishe kizimbani, kisha urudie hatua ya 1, kwani bonge hilo huweza kuashiria kuna malkia mwingine.

Anataga vizuri, lakini nyuki wanazidi kupungua. Kwa nini?

Kibarua huchukua siku 21 kutoka yai hadi kutoka chumbani, na wazee wanakufa wakati huo. Ongeza fremu ya majana waliofunikwa kwa nta, walio karibu kutoka, ili wapatikane vijana wa kulea hayo mayai mapya.