Soda ya Ukwaju na Pasheni, Mahamri na Mbaazi za Nazi: Mlo Mzima bila Maziwa wala Mayai

Anayeacha nyama, maziwa na mayai mara nyingi huanza kwa kuzunguka madukani akitafuta vyakula mbadala vya bei kubwa. Mtu wa pwani hana haja ya kwenda mbali. Mahamri yaliyokandwa kwa tui na mbaazi za nazi ni mlo kamili usio na kitu chochote cha mnyama. Kinachobaki kutafutwa ni kinywaji, maana chai ya maziwa imeshatoka mezani. Hapo ndipo soda ya matunda ya kuchachusha nyumbani inapofaa, na inaendana na mahamri kwa jambo moja: vyote viwili huumuliwa na chachu inayokula sukari na kutoa gesi. Ukishajua kuiangalia chachu hiyo kwenye joto, sukari na muda, hutaharibu soda wala unga.

Chachu ya tangawizi: anza siku 5 kabla, au 7 penye baridi

Kwenye chupa ya mdomo mpana ya lita 1, weka maji ml 500, vijiko vikubwa 2 vya tangawizi mbichi iliyokwaruzwa na vijiko vikubwa 2 vya sukari. Tangawizi isimenywe, kwa sababu chachu unayoitaka inaishi kwenye ganda. Ioshe udongo tu. Kama maji ya bomba yako yana harufu ya dawa, yachemshe na uyaache yapoe kabisa. Klorini huua chachu, na maji ya moto huiua pia.

Funika mdomo kwa kitambaa safi, funga kwa raba, weka mahali penye kivuli. Kila siku ongeza kijiko kikubwa 1 cha tangawizi na 1 cha sukari, na ukoroge mara 2 au 3. Kwenye joto la nyuzi 28 hadi 30 viputo huonekana siku ya 3. Nyanda za juu, hasa miezi ya baridi, subiri hadi siku ya 7. Chachu iko tayari ikiwa unasikia mchemko mdogo ukikoroga, viputo vinapanda juu, na harufu ni ya uchachu wenye utamu.

Wiki ikipita bila kiputo, lawama ni ya tangawizi. Huenda ilitiwa dawa au ilikaa ghalani mno. Tafuta yenye udongo bado, uanze upya. Utando mwembamba mweupe juu ya maji hauna madhara, uondoe kwa kijiko. Ukiona ukungu wenye manyoya, wa kijani, mweusi au wa waridi, mwaga chote na uchemshe chupa. Usijaribu kuokoa nusu.

Chachu iliyoiva hukaa kwenye friji, ikilishwa kijiko 1 cha tangawizi na 1 cha sukari kwa wiki. Itoe siku moja kabla ya kuitumia na uilishe, maana ikitoka baridini bado imelala.

Soda, lita 2

Roweka gramu 200 za ukwaju uliomenywa katika maji ya moto ml 700 kwa nusu saa. Uponde kwa mkono hadi kokwa ziachane na nyama, kisha uchuje. Tumia bakuli la kioo, plastiki au chuma kisichoshika kutu. Sufuria ya alumini huliwa na uchachu wa ukwaju, na ladha ya bati hubaki kwenye kinywaji.

Pata kikombe 1 (ml 250) cha juisi ya pasheni kwa kuisugua nyama yake kwenye chujio. Ukitumia blenda, iwashe kwa sekunde 2 au 3 tu, kwa sababu mbegu zikisagika huleta uchungu.

Yeyusha gramu 180 za sukari katika maji ya moto kidogo, changanya na ukwaju na pasheni, ongeza maji hadi ifike kama lita 1.85. Onja sasa. Iwe tamu kuliko unavyopenda, kwani sehemu ya sukari italiwa. Acha ipoe hadi isiwe na joto kwenye kidole, ndipo utie ml 150 za maji ya chachu yaliyochujwa. Halafu chuja mchanganyiko wote kwa kitambaa cha pamba. Usiiruke hatua hii: vipande vidogo vya tunda ndivyo vinavyoifanya soda iripuke na kumwagika yote ukifungua.

Sasa chupa, na hapa usikaidi. Tumia chupa za plastiki zilizowahi kuwa na soda, kwa kuwa zimetengenezwa kuhimili gesi. Chupa za glasi za sosi, jemu au juisi hupasuka, na vipande vyake vinaweza kumpofua mtu. Plastiki ina faida nyingine: unaibonyeza na kujua hali ya ndani. Jaza ukiacha nafasi ya sentimita 4 juu, kaza kizibo, weka kivulini.

Bonyeza asubuhi na jioni. Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa saa 24 zinaweza kutosha. Penye baridi ni siku 2 hadi 3. Chupa ikiwa ngumu kama soda ya dukani ambayo haijafunguliwa, ipeleke kwenye friji mara moja na uiache usiku kucha. Gesi huyeyuka vizuri kwenye kinywaji baridi. Ukifungua ingali ya moto utapata povu, kisha maji matamu. Fungulia juu ya sinki, kizibo kidogo kidogo. Inywewe ndani ya wiki moja, maana hata kwenye friji chachu inaendelea polepole.

Chupa ikibaki laini baada ya siku 3, kagua mambo haya: kizibo kinavuja, chachu ilikuwa dhaifu, au ulitumia juisi ya pakiti. Juisi nyingi za pakiti zina dawa ya kuzuia kuchacha, na dawa hiyo haibagui chachu yako. Sukari za kidonge nazo hazileti gesi, kwa kuwa chachu haizili.

Ifahamike pia kwamba kuchachuka huku huzaa kileo kidogo, na huongezeka kadiri soda inavyokaa. Asiyetaka hata tone, na anayewapikia watoto au mjamzito, afuate njia nyingine. Chemsha ml 300 za maji mazito ya ukwaju na gramu 250 za sukari kwa dakika 10, epua, tia juisi ya pasheni nusu kikombe mwishoni ili harufu isipotee. Ikipoa, changanya sehemu 1 ya sharubati hiyo na sehemu 4 za maji ya soda baridi kwenye bilauri. Ule ujanja wa kutia magadi ya kuokea na ndimu unatoa povu kweli, lakini huacha chumvichumvi isiyopendeza.

Tui kwanza

Zikune nazi 3. Tia maji ya vuguvugu ml 500, kamua kwenye kifumbu au kitambaa: hilo ni tui zito, kama ml 600. Gawa nusu kwa mahamri, nusu kwa mbaazi. Machicha yaliyobaki tia tena maji ml 600, kamua, upate tui jepesi. Ukitumia unga wa nazi wa pakiti, soma viambato. Aina nyingi zina protini ya maziwa, huandikwa kaseini au kaseinati, na hapo mlo wako umeshaingiliwa bila wewe kujua.

Mbaazi

Roweka gramu 500 za mbaazi kavu usiku kucha, mwaga maji, chemsha kwa maji mapya dakika 45 hadi 90, hadi mbaazi isagike kati ya vidole viwili. Usitie nyanya, ndimu wala ukwaju kabla ya hapo: uchachu hukaza ganda na zitakaa ngumu hata uchemshe hadi jioni. Mbaazi zilizokaa miaka ghalani nazo ni ngumu kuiva. Magadi huzilainisha, ila hupunguza vitamini B1 na kuleta ladha ya sabuni, kwa hiyo afadhali kuni zaidi.

Zikiiva, mwaga maji ubakize kidogo. Tia tui jepesi, kitunguu maji 1 kilichokatwa, pilipili mbichi 2 nzima, nusu kijiko cha chai cha bizari ya manjano na kijiko cha chai 1 cha chumvi. Acha zitokote dakika 15 hadi 20. Kisha punguza moto, tia tui zito ml 300 na ukoroge bila kuacha hadi lianze tu kuchemka, uepue. Tui likichemka kwa nguvu hukatika, mafuta yakaelea na maji yakajitenga. Likikatika, ponda upawa mmoja wa mbaazi na uurudishe sufuriani. Wanga wake hushika mchuzi tena.

Mahamri

Changanya unga wa ngano gramu 500, sukari gramu 90, hamira gramu 7 na kijiko cha chai 1 cha iliki iliyotwangwa sasa hivi. Pasha tui zito ml 300 hadi liwe vuguvugu kwenye kidole, si zaidi, ulitie kidogo kidogo. Unga mwingine hushiba kwa ml 280. Kanda dakika 10 hadi liwe laini na lisiloshika mkononi. Funika saa 1 hadi 1 na nusu, liumuke mara mbili.

Gawa madonge 6, yapumzike dakika 10, sukuma kila moja unene wa milimita 5, kata vipande 4, funika dakika 15 tena. Mafuta yawe ya kutosha kuelea. Kipande cha unga kikipanda juu ndani ya sekunde 3 au 4, joto limefika. Tia mahamri, na papo hapo umwagie mafuta ya moto juu yake kwa kijiko cha matundu. Hicho ndicho kinachoyafanya yavimbe na kuwa matupu ndani. Yakilala bapa, umesukuma membamba mno, au kwa unene usio sawa, au mafuta yalikuwa baridi. Yakiwa mekundu nje na mabichi ndani, moto ni mkali. Na mafuta yawe mapya, yasiyokaangia samaki.

Anayefuata mlo huu kila siku anahitaji vitamini B12 kwa kidonge au chakula kilichoongezwa, kwani mimea haiitoi ya kutegemewa. Mbaazi zikilala huwa nzito kama uji. Wakati wa kuzipasha tia tui jepesi kidogo na moto uwe mdogo, ndimu ikamuliwe mezani.